Nilidanganya Kuhusu Kasi ya Boti ya Shemeji Yangu

Niseme kwanza lililo gumu, kabla sijapata nafasi ya kujitetea. Shemeji yangu Lali hakukimbiza chombo siku ile. Alikuja polepole. Mimi ndiye niliyesema alikuja kasi, na nikaendelea kusema hivyo miaka saba huku moyoni najua si kweli.

Jina langu sitalitaja. Sisi Wabajuni tu wachache na tunajuana, kwa hiyo wapo watakaonitambua kabla hawajafika katikati ya barua hii. Na wanitambue. Waliostahili kuambiwa kwanza nimeshawaambia uso kwa uso. Nyinyi wengine nawaandikia kwa sababu uongo wangu ulienea Kismayu, Lamu, Mombasa, hata Ulaya, na siwezi kupiga hodi kwenye kila nyumba.

Nilizaliwa Kismayu. Vita vilipoingia mjini nilikuwa na miaka sita na dada yangu Mwanaisha alikuwa na kumi na miwili. Mama alituvusha hadi Mombasa, tukakaa kambi ya wakimbizi. Kambi ilipofungwa, wengi walirudishwa kwenye visiwa vyetu, kusini ya Kismayu. Mama na dada walikwenda kuishi kisiwa cha Kudhaa. Mimi niliachwa kwa mjomba Mombasa ili nisome.

Huko Kudhaa dada yangu aliolewa na Lali. Lali alikuwa fundi wa injini za boti. Injini iliyokataa kuwaka visiwa jirani vya Koyama au Fuma ililetwa kwake, na yeye aliinamisha sikio akaisikiliza kabla hajashika spana. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kila nilipokwenda kuwatembelea alinipokea ufukweni mwenyewe, akabeba mfuko wangu hata nikikataa.

Mimi nilisoma nikaishia kwenye upimaji wa ardhi. Huko ndiko nilikozoeana na vifaa vya leza. Halafu kampuni moja ya ulinzi ikatafuta mtu anayejua vifaa hivyo na anayesema Kisomali, aende kufanya kazi pwani ya Kismayu. Nikaenda. Nilijiambia ninarudi nyumbani.

Kituo chetu kilikuwa juu ya paa la jengo kuukuu kando ya bahari, nje kidogo ya mji. Kazi yangu ilikuwa kupima kasi ya vyombo vinavyokuja.

Nieleze kidogo kile kipimo, maana bila hivyo hamtaelewa kosa langu. Kilikuwa kama darubini nene. Wataalamu hukiita rada ya leza. Unakilenga chombo kilicho mbali, unabonyeza, kinatoa mwanga usioonekana kwa macho. Mwanga ukigonga chombo unarudi, na kipimo kinahesabu umetumia muda gani kwenda na kurudi. Hapo kinajua umbali. Kinafanya hivyo mara nyingi mno ndani ya nusu sekunde. Chombo kikiwa kinakusogelea, kila mwanga unarudi upesi kidogo kuliko uliotangulia, na kutokana na tofauti hiyo kinakupa kasi.

Sharti lake ni kwamba mwanga ugonge mahali pale pale muda wote. Ukilenga nyuma ya boti halafu mkono ukateleza mpaka mbele ya boti, kipimo hakijui kwamba mkono umeteleza. Kinadhani boti yenyewe imeruka mita zile zote kuja kwako. Boti inayojikokota itaonekana inakimbia.

Mwalimu aliyetufundisha, mama mmoja mkali asiyecheka, alilisema hilo kila siku mpaka tukachoka. Kipimo kiwe juu ya stendi. Mpime mara tatu. Namba zisipokaribiana, msitoe hata moja. Semeni bado.

Nililijua hilo. Naomba mlikumbuke. Sikukosea kwa kutojua.

Pale kituoni walikuwa na hofu ya boti za kasi. Amri ilikuwa kwamba chombo kinachokuja taratibu kiachwe kifike, kikaguliwe. Kinachokuja kasi kionywe kwa risasi za majini, na kisiposimama kipigwe. Kati ya hayo mawili palikuwa na mimi na namba yangu.

Miezi ya mwanzo nilifanya kazi vizuri. Kisha nikaanza kujiona. Walinzi walinipa jina, wakaniita Leza. Mkuu wa zamu, Msomali mmoja mtu mzima ambaye hakuwa na ubaya na mimi, alipenda jinsi ninavyotaja namba kabla wengine hawajamaliza kuinua darubini zao. Nilipenda kusifiwa. Nikaacha kupima mara tatu. Nilipima mara mbili, siku nyingine mara moja, na kwa kuwa hakuna baya lililotokea, nikaona ndivyo mafundi wanavyofanya.

Kisha nikaiangusha stendi kwenye ngazi. Kifungio cha mguu mmoja kikavunjika. Niliogopa kurudishwa Mombasa, nikakifunga kwa utepe na kukaa kimya. Stendi haikusimama tena sawasawa. Nikawa nashika kipimo kwa mikono, viwiko juu ya magunia ya mchanga.

Wakati huo mapigano yalirudi visiwani. Dada yangu alinipigia simu kutoka Kudhaa, amepanda juu ya kilima kidogo ambako simu hushika. Alisema watu wanahama, mama yetu ameshatangulia Kismayu kwa jamaa, na wao wanataka kumfuata. Lali alitaka wavuke usiku wasionekane. Dada alinitaka ushauri mimi ninayefanya kazi huko.

Nilimwambia, "Dada, msije usiku. Njooni mchana, njooni polepole. Hapa tuna kipimo, anayekuja polepole haguswi."

Akauliza nina hakika. Nikamwambia kazi hiyo ninaifanya mimi mwenyewe, alale salama.

Baada ya hapo simu za Kudhaa zikakatika. Sikujua watatoka siku gani.

Ilikuwa baada ya alasiri. Jua lilikuwa nyuma yetu, bahari yote inaonekana, lakini upepo ulikuwa umeamsha viwimbi vifupi vifupi. Boti ndogo ikatokea upande wa kusini, ikatugeukia. Chombo kikikujia uso kwa uso, jicho haliwezi kusema kinakuja mbio au kinajikokota. Unaona kitu cheusi tu kinachopanda na kushuka.

Nikachukua kipimo. Kwenye kioo niliona mtu amesimama nyuma, kwenye injini. Uso haukutambulikana kwa umbali ule. Nikamlenga yeye kwa kuwa ndiye aliyekuwa mrefu kuliko vyote. Nilipobonyeza, wimbi likaishusha boti, na mikono yangu ikafuata. Niliihisi ikiteleza kutoka kwa yule mtu mpaka mbele ya boti. Wallahi, niliihisi!

Namba ikatokea. Kilomita arobaini na nne kwa saa.

Mkuu wa zamu akauliza, "Kasi gani, walaal, ndugu yangu?"

"Arobaini na nne."

"Umehakikisha?"

Neno "bado" nilikuwa nalo mdomoni. Lakini walinzi wote walikuwa wananitazama, na mimi ndiye Leza, mtu asiyesitasita.

"Nimehakikisha," nikasema.

Wakapiga risasi za onyo majini. Boti haikusimama. Baadaye dada yangu alinieleza kwa nini. Lali alidhani tunawaita waje wakaguliwe. Aliwaambia wasiogope, akainua mkono ili tuuone, akaendelea kuja vilevile. Alifuata maneno yangu.

Mimi pale juu nilipima tena. Sijui ni kwa nini, labda ile mikono iliyoteleza ilinisumbua. Safari hii nilitulia, nikazuia pumzi, nikalenga mahali pamoja.

Tisa.

Niliiona tisa. Haikuwa namba ya kufikirisha. Hakuna boti ya kushambulia inayokuja kwa kasi ya tisa. Nilikuwa na muda wa kusema neno moja. Sijui ni sekunde mbili au tano, lakini muda ulikuwepo, nimeupima akilini mwangu maelfu ya mara na kila mara unatosha. Ningepaza sauti tu. Mdomo haukufunguka, kwa sababu nilikuwa nimeshasema nimehakikisha, na nilikuwa nawaza nitawaelezaje.

Ndipo wakapiga.

Boti ikageuka ubavu. Hapo tukaona leso inapungwa na vichwa vya watoto. Mkuu wa zamu akapiga kelele waache. Wakaacha. Ilikuwa imeshapita.

Nilishuka ngazi nikakimbia ufukweni pamoja na wengine. Boti ilikuwa inaletwa na mawimbi tu. Nilipomtambua dada yangu nikaingia majini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umejaa damu. Watoto wake watatu walikuwa wazima. Mkubwa wao, binti yake Riziki wa miaka kumi na mmoja, alikuwa amewalalia wadogo zake chini ya ubao.

Lali alikuwa amekufa. Na kando yake, palepale nyuma kwenye injini, alikuwa amekufa mtoto wa jirani yao, Salma, wa miaka minane. Mama yake Salma, Bi Halima, alikuwa ametangulia Kismayu kumuuguza mama yake, akamwachia dada yangu amletee mtoto. Salma alipenda kukaa karibu na Lali ili aone injini inavyoendeshwa. Lali alikuwa akimruhusu kushika mpini.

Dada yangu alinitazama kama mtu anayeuliza njia. Akasema, "Tulikuja polepole, kama ulivyotwambia."

Nilimfunga mkono kwa shati langu.

Sasa mnisikilize, maana yaliyofuata si ya kuteleza mkono.

Nilipanda tena juu ya paa. Kipimo huhifadhi vipimo vya mwisho. Nikaifuta ile tisa. Kisha nikachukua fomu ya zamu, na mahali pa kuandika vipimo vitatu nikaandika arobaini na nne, arobaini na tatu, arobaini na tano. Viwili nilivitunga. Nilivipanga vipishane kidogo ili vifanane na kweli, kwa sababu namba zilizo sawa kabisa zingetiliwa shaka. Mkono wangu haukutetemeka. Jambo hilo linanitisha mpaka leo kuliko mengine yote.

Kesho yake tulimzika Lali. Nililibeba jeneza begani. Watu walinipa pole kwa kumpoteza shemeji kwa msiba wa namna ile, na nikazipokea.

Siku iliyofuata kampuni ilileta mtu wa kuuliza maswali. Alikuja hospitalini, akanikuta kando ya kitanda cha dada. Bi Halima naye alikuwepo. Tangu amzike Salma alikuwa amekaa kwenye mkeka pale chini, ameshikana mkono na dada yangu, wanalia pamoja.

Dada akaeleza yote. Kwamba petroli ilikuwa kidogo, Lali akaiendesha injini chinichini ili iwafikishe. Kwamba maji hayakuwa hata yanawarukia. Riziki akasema hivyo hivyo. Yule mtu akasikiliza kwa adabu, kisha akasoma fomu yangu kwa sauti, namba zote tatu. Akanigeukia, akaniuliza kama nasimamia nilichoandika.

Dada yangu akanitazama. Hakuwa na shaka kwamba nitamsaidia.

Nikasema, "Dada, kipimo hakisemi uongo."

Riziki akaanza kusema tena kwamba baba yake hakukimbiza. Nikamwambia anyamaze, watoto hawajui mambo ya kasi.

Bi Halima aliuachia mkono wa dada yangu. Hakutukana, hakupiga kelele. Alimtazama tu, akauliza kwa sauti ndogo kama ni kweli Lali alikwenda mbio na mtoto wake. Dada akasema hapana. Bi Halima akakunja mkeka wake, akaenda kuutandika upande wa pili wa wodi.

Basi habari ikatoka hivyo. Lali alikimbiza boti mbele ya kituo cha ulinzi, akaua mtoto wa watu na kujiua mwenyewe. Fundi mzima wa injini! Watu walisikitika kwanza, kisha wakalaumu. Wengine walisema alipagawa na hofu. Wengine walisema alikuwa mtu wa kujionyesha, yeye ambaye alikuwa akiona haya hata kuimba kasida. Nami nilikaa katikati yao nikanywa kahawa.

Dada alipomaliza eda alikuja Mombasa na watoto, pamoja na mama yetu. Mimi niliacha kazi ile nikarudi kwenye upimaji wa ardhi. Sikuweza. Nikipima kiwanja narudi kukipima tena, kisha tena, kumi, kumi na tano, mpaka wenye kiwanja wanaondoka. Kuna siku niliombwa urefu wa ukuta tu, nikashindwa kuutamka. Mwajiri wangu alivumilia mwaka mzima, kisha akaniambia kwa upole nitafute kazi nyingine. Sasa nauza vifaa vya umeme dukani kwa mtu.

Lakini hilo langu si kitu. Mama yetu alikufa akiamini. Alikuwa akimpenda Lali kuliko alivyonipenda mimi, sioni aibu kusema. Baada ya yale aliacha kumtaja. Kila baada ya sala aliwaombea marehemu wetu mmoja mmoja kwa majina, na jina la Lali alilipita. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, nasikia akilipita. Amezikwa Mombasa na hakuna wa kumrudisha nimwambie ukweli.

Dada yangu miaka ya mwanzo hakukubali. Kila aliyemgusia alimjibu kwamba walikuja polepole. Watu wakawa wanatazamana. Wengine walinijia pembeni, wakaniambia maskini huyu bado ana mshtuko, nami nikaitikia kwa kichwa. Polepole akaacha kujibu. Nikashukuru kwamba ametulia. Hebu fikirieni, nilishukuru!

Mwaka jana Riziki akaposwa. Kijana mzuri, mpwa wake Bi Halima, naye Bi Halima alikuwa ameshahamia Mombasa na jamaa zake. Wenyewe walikuwa wamependana, na wazee wake awali walikubali. Kisha ujumbe ukaja kwamba posa imerudishwa. Bi Halima alikuwa amewaambia nduguze kwamba hawezi kukaa kwenye harusi ya binti ya mtu aliyekimbiza boti na mwanawe ndani, na hawakutaka kumvunja moyo.

Dada akaniita. Nilimkuta chumbani, amekaa kitandani, Riziki amejifungia chumba cha pili. Nilitegemea atalia au atawasema wale watu vibaya. Hakufanya hivyo. Alikuwa ametulia sana.

Akaniambia, "Nimefikiri. Huenda Lali alikwenda mbio. Mimi siku ile nilikuwa na hofu, labda sikumbuki sawasawa. Wewe ndiye uliyekuwa na kipimo."

Nilikuwa nimezoea kumwona akiudhika. Nilikuwa nimezoea kumwona amenyamaza. Sikuwahi kumwona akichukua kumbukumbu yake mwenyewe, ya siku ya mwisho ya mumewe, akaiweka chini kwa sababu yangu. Nilikuwa nimemuua Lali mara ya pili, na safari hii ndani ya kichwa cha mkewe.

Nikamwambia unakumbuka sawasawa. Nikamwambia kila kitu. Stendi, mkono ulioteleza, "nimehakikisha," ile tisa, fomu. Nilisema bila kumtazama.

Akauliza kitu kimoja, nilipima mara ngapi kabla ya kusema arobaini na nne. Nikasema mara moja.

Akasema, lafudhi ya Kibajuni ikimtoka, "Usiku mwingi nimelala nikimkasirikia mchu, mtu aliyekuja polepole."

Hakunipiga, ingawa nilitamani. Alivaa buibui, akamwita Riziki, akaniamuru nirudie maneno yale yale mbele ya mtoto. Nikarudia. Riziki alisikiliza amesimama mlangoni. Alichosema ni kwamba mimi nilimwambia watoto hawajui mambo ya kasi. Kisha akarudi chumbani.

Tukaenda kwa Bi Halima, mimi na dada, kwa miguu. Dada alitembea mbele na hakugeuka. Bi Halima alitukaribisha kwa adabu ya mtu asiyetaka wageni. Nilipiga magoti kwenye jamvi lake nikamwambia mimi ndiye niliyesababisha mwanawe auawe, na kwamba Lali hana kosa.

Alitaka kujua tisa ni kasi ya namna gani. Nilimweleza ni kama mtu anayepanda baiskeli bila haraka, anayeangalia maduka huku na huku.

Akafikiri. Kisha akasema, "Basi mwanangu hakuwa na hofu njiani."

Alikuwa akiwaza, miaka yote ile, kwamba Salma alikufa ameshikilia ubao, anapiga kelele kwa ile mbio, na hakuna wa kumsikia. Hilo mimi sikuwahi kulifikiria hata siku moja. Nilidhani uongo wangu umemlaumu mtu aliyekwisha kufa. Kumbe kila siku ulimtisha mtoto mbele ya macho ya mama yake.

Dada yangu akamwambia Salma alikuwa anacheka, ameshika mpini wa injini pamoja na Lali. Wakashikana mikono kama siku ile hospitalini. Nikatoka nje nikawaacha.

Niliwaandikia pia wale wa kampuni, kwenye anwani niliyokuwa nayo. Nimeeleza yote na kuweka jina langu kamili. Sijajibiwa. Wakinitafuta nipo.

Posa ilikubaliwa tena, na ndoa ikafungwa mwezi mmoja baadaye. Mdogo wake Lali alikuja kutoka Lamu kumwoza Riziki. Mimi ni mjomba wake wa damu na sikualikwa. Nilikwenda nikasimama ng'ambo ya barabara, mkabala na msikiti. Kipaza sauti kilikuwa wazi. Kabla ya nikaha, yule mdogo wake Lali aliomba ruhusa kwa shehe, akawaambia watu waliokuwemo kwamba ndugu yake alikuja taratibu siku ile, kwamba imethibitika, na kwamba yeyote aliyewahi kusema vingine amtake radhi marehemu na amwombee. Hakunitaja. Nilisikia watu wengi wakisema amina kwa pamoja.

Dada yangu hajanisemesha tangu siku ile ya Bi Halima. Watoto wake wadogo hunisalimu barabarani, wakapita. Siwalaumu na sitaki mtu yeyote awaombe wanisamehe.

Wewe unayesoma, huenda hujawahi kushika leza wala hutashika. Lakini unapima kitu. Unapima dawa ya mgonjwa, au nyaya za nyumba ya mtu, au breki za basi, au unaulizwa tu uliona nini. Siku moja mtu atakuuliza umehakikisha? Kama hujahakikisha, mwambie hujahakikisha, hata wakucheke, hata ufukuzwe palepale. Na kama umeshasema, kisha ukaona si kweli, piga kelele hapo hapo, mbele ya wote, usingoje upate maneno mazuri ya kujielezea. Mimi niliyangoja. Kabla sijayapata nilikuwa tayari ufukweni, ninamfunga dada yangu mkono.